Kutoka Shahada ya Sheria hadi Shule ya Sheria kwa Vitendo: Mwongozo kwa Mhitimu wa Tanzania

Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa nne wa sheria pale Mlimani anaweza kukusimulia, bila kufungua daftari, kisa cha konokono anayedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji huko Scotland, na hukumu ya mwaka 1932 iliyotokana nacho. Mwulize mwanafunzi huyohuyo kuhusu mfanyabiashara wa Kariakoo aliyemkopesha mwenzake shilingi milioni 40 na hajalipwa: afungue shauri katika mahakama gani, kwa hati ipi, na mdaiwa atakuwa na siku ngapi za kujibu. Hapo ndipo wengi hukohoa na kuomba muda wa kufikiri. Mwongozo huu unahusu pengo hilo, na namna ya kulivuka bila kuumia.

Tuanze na njia yenyewe. Kwa Tanzania Bara, shahada ya kwanza ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Sheria Na. 18 ya mwaka 2007 ilianzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo vyuoni huitwa tu Shule ya Sheria, nayo ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008. Majengo yake yapo kando ya Barabara ya Sam Nujoma, Sinza, Dar es Salaam, si mbali na stendi ya daladala ya Mawasiliano. Mafunzo huchukua takriban mwaka mmoja, sehemu yake darasani na sehemu katika mahakama na ofisi za sheria, na anayefaulu hutunukiwa stashahada ya uzamili katika uanasheria kwa vitendo. Wapo wanaodhani kwamba njia hii inawahusu tu wanaotaka kuvaa joho na kusimama mahakamani kama mawakili wa kujitegemea. Soma matangazo ya ajira ya mahakimu wakazi na mawakili wa Serikali uone kama sifa hiyo haimo.

Hatua ya kwanza: kubali kwamba swali limebadilika

Naiweka hatua hii mbele ya makaratasi na ada kwa sababu anayeiruka hulipa mara mbili. Mwezi Oktoba mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yalizua mjadala nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioondolewa masomoni walikuwa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo, na kila mtu akawa na wa kumlaumu. Wengine waliwalaumu wanafunzi, wengine vyuo vinavyodahili watu wengi kuliko uwezo wake, wengine taasisi yenyewe na mitihani yake. Sina nia ya kuurudia mjadala huo, ila ninalo langu moja la kusema. Wenzangu wengi niliowaona wakianguka hawakuwa wavivu wala wajinga. Waliendelea kujibu swali la chuo kikuu katika chumba kinachouliza swali jingine.

Chuo kikuu kinauliza sheria inasemaje, ilitoka wapi, na wasomi wanatofautiana wapi. Kwa maswali hayo mtu anaweza kukesha na madesa, yaani muhtasari wa masomo ulioandaliwa na wengine, wiki mbili kabla ya mtihani akapata alama nzuri. Shule ya Sheria inakupa mteja, jalada lenye karatasi kumi na mbili zilizochanganyika, na tarehe, kisha inakutaka uandike hati itakayopokelewa masjala bila kurudishwa. Kueleza historia ya kanuni ya haki asilia hakutakusaidia iwapo umemshtaki mtu asiyehusika au umefungua shauri nje ya muda.

Hatua ya pili: nyaraka

Kazi hii ni fupi lakini haina huruma kwa mwenye kuchelewa. Fuatilia tangazo la udahili katika tovuti ya taasisi na usitegemee taarifa za makundi ya WhatsApp, ambako tarehe za mwaka juzi husambazwa kama za leo. Utahitaji cheti cha shahada au uthibitisho wa kuhitimu, nakala rasmi ya matokeo, vyeti vya sekondari na cheti cha kuzaliwa. Hakikisha jina lako limeandikwa kwa namna ileile kila mahali. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed na cha shahada kinasema Muhammad, andaa mapema hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba wote ni wewe, kwa kuwa tofauti hiyo ikikupita sasa itakungoja siku ya kuomba uwakili. Aliyesoma nje ya nchi apeleke shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu itambuliwe, na aanze jambo hilo miezi kadhaa kabla.

Hatua ya tatu: fedha na mahali pa kulala

Usihesabu kwamba bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, litaendelea kuingia kama lilivyokuwa likiingia chuoni. Soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika uone kama unastahili kuomba na kwa masharti gani, lakini panga bajeti yako kana kwamba hutapata. Ada ndiyo tarakimu inayotangazwa, ila inayomshinda mtu mara nyingi ni kodi ya nyumba. Wenye nyumba wa Sinza, Mwenge na Kijitonyama hupenda kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali naye huchukua fedha sawa na kodi ya mwezi mmoja. Wawili au watatu wakipanga pamoja mzigo hupungua, mradi wote wawe watu wa kusoma. Ukiona bora kukaa mbali kidogo, chagua maeneo ya Barabara ya Morogoro yanayofikiwa na mwendokasi, halafu upande daladala hadi Mawasiliano.

Weka fungu la steshenari, na liwe kubwa kuliko unavyodhani. Kila zoezi la uandishi wa hati huchapwa, hurudufiwa na kurekebishwa. Weka pia fungu la mavazi. Utatakiwa kuvaa kama mtu wa mahakamani, yaani suti nyeusi au ya rangi nzito, shati jeupe na viatu vilivyofungwa. Suti mbili za mtumba kutoka Karume, zikipelekwa kwa fundi mzuri, zinakutosha mwaka mzima, na hakuna hakimu atakayekuuliza umenunua wapi.

Hatua ya nne: miezi ya kabla ya kuanza

Kati ya mtihani wa mwisho wa chuo kikuu na siku ya kuripoti huwa kuna miezi, na kwa wengine mwaka au zaidi. Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote. Mtu akiniuliza asome nini, humtajia sheria tano tu: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341 pamoja na Kanuni za Maadili ya Mawakili za mwaka 2018. Hizo zisomwe zenyewe, kifungu kwa kifungu, wala si muhtasari wa mtu mwingine. Pia hakikisha unasoma Toleo la Urekebu la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, kwa kuwa baadhi ya vifungu vimebadilika namba, na madesa ya kaka zako yatakupeleka kwenye kifungu kisichohusika.

Kusoma peke yake hakutoshi. Mrudie mfanyabiashara wetu wa Kariakoo, umfanye mteja wako wa kwanza. Chukua karatasi ujibu kwa mpangilio huu. Deni lilitakiwa kulipwa lini? Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo tarehe hiyo ndiyo inayokwambia kama una shauri au huna. Mdaiwa ni mtu binafsi, ni kampuni, au ni mtu anayefanya biashara kwa jina jingine? Anaishi wapi, na mkataba ulifanyika wapi, maana hayo ndiyo yanayoamua mahakama ya eneo gani? Kwa thamani ya milioni 40, mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka ni ipi? Kumbuka kwamba sheria inataka shauri lianzie huko. Je, ametumiwa barua ya madai? Na kama mdaiwa angekuwa wizara badala ya mfanyabiashara mwenzake, ungekumbuka kwamba Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90?

Baada ya hapo andika hati ya madai yenyewe. Fungua Amri ya VII ya Jedwali la Kwanza la Sura ya 33 uone kile ambacho hati hiyo lazima iwe nacho: jina la mahakama, jina, maelezo na makazi ya mdai, vivyo hivyo ya mdaiwa, mambo yanayounda sababu ya kudai na lini yalitokea, mambo yanayoonyesha kwamba mahakama ina mamlaka, nafuu inayoombwa, na thamani ya kinachodaiwa kwa ajili ya mamlaka na ada. Andika, kisha weka tiki kwa kila kimoja. Siku inayofuata geuka uwe wakili wa mdaiwa, ujibu hati uliyoiandika mwenyewe, ukijua kwamba una siku 21 tangu mdaiwa alipopokea wito. Mtu akifanya hivyo kwa mashauri kumi tofauti, la deni, la mpaka wa kiwanja, la fidia ya ajali ya bodaboda, la mirathi, ataingia darasani Sinza akiwa mbele ya wengi.

Kwa upande wa hukumu, tumia TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hupatikana bure. Ila uzisome kwa jicho jipya. Chuoni ulizoea kuruka kurasa za mwanzo zinazohusu pingamizi la awali ili ufike kwenye kanuni kubwa. Sasa anza na kurasa hizo. Angalia ni rufaa ngapi zimeishia njiani kwa sababu notisi haikuwasilishwa ndani ya siku 30, au kwa sababu hati moja ilikosekana kwenye kumbukumbu ya rufaa. Jifunze tofauti ya shauri lililoondoshwa na lililotupwa. La kwanza laweza kurudi likisharekebishwa ikiwa muda bado upo, ilhali lililotupwa kwa kupitwa na ukomo limekwisha, na wewe ndiye utakayemweleza mteja.

Jambo jingine la miezi hii ni lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale inapobidi. Lakini shahada umeisoma kwa Kiingereza, na mazoezi mengi utayakuta kwa Kiingereza. Matokeo yake ni wakili kijana anayejua kuandika hati ya madai kwa lugha moja tu, na akitakiwa kuzungumza mbele ya hakimu kwa Kiswahili anachanganya mleta maombi na mjibu maombi, mdaiwa na mshtakiwa. Hudhuria Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani nawe kwa wiki moja. Huko mashauri yameendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na utasikia msamiati ukitumika na watu waliouzoea.

Hatua ya tano: darasani na karatasi zake

Utakutana na mwenendo wa madai na wa jinai, uandishi wa hati na mikataba, maadili ya taaluma, uhamishaji wa miliki za ardhi, mirathi, pamoja na mambo ya uendeshaji wa ofisi ambayo wengi huyadharau hadi siku ya mtihani. Nidhamu ya mahudhurio ni kali kuliko ya chuo kikuu, na ile desturi ya kumwomba rafiki akusainie haina nafasi.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu ndio ulionifundisha. Zoezi langu la kwanza la hati ya kiapo niliandika kwa mbwembwe: aya kumi na nne, Kiingereza cha hali ya juu, na hoja za kisheria zilizopangwa vizuri. Ilirudi ikiwa na duara mbili za wino mwekundu. Duara la kwanza lilizunguka aya tano nzima, likiwa na neno moja pembeni: "Hoja." Hati ya kiapo ni ushahidi, na mwapaji hueleza mambo anayoyajua au aliyoelezwa na chanzo anachokitaja, hoja za sheria na maombi hayana nafasi humo. Mahakama zetu zimelirudia hilo tangu kesi ya Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, kwa maombi ya Matovu, ya mwaka 1966. Duara la pili lilikuwa mwishoni kabisa, mahali ambapo kamishna wa viapo, yaani anayemwapisha mwapaji, husaini. Nilikuwa nimeandika tarehe, lakini sikuandika kiapo kimeapwa wapi. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, inadai mahali na tarehe vyote viwili, na kiapo kisicho na kimojawapo kinaweza kuangusha maombi yote yaliyosimama juu yake. Mkufunzi aliandika chini yake: "Mteja wako amerudi nyumbani." Nilipata alama ambayo sitaitaja.

Tangu hapo nilijitengenezea orodha ya ukaguzi kwa kila aina ya hati, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Kwa kiapo: jina, umri, dini na makazi ya mwapaji, chanzo cha kila jambo, uthibitisho unaotenganisha anayoyajua mwenyewe na aliyoelezwa, mahali, tarehe, jina na muhuri wa kamishna, na kama kamishna anamfahamu mwapaji mwenyewe au ametambulishwa kwake, na nani. Tengeneza zako. Usinakili za mtu, maana faida yake ipo katika kuzitengeneza.

Mahakama ya mazoezi huwatisha wengi. Dawa yake ni kusimama na kusema kwa sauti kila siku, hata kama wasikilizaji ni wenzako wawili wa chumbani. Jizoeze kumwongoza shahidi wako bila kumtilia maneno mdomoni, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana. Swali "Ulimwona mshtakiwa akiiba simu, siyo?" litapingwa papo hapo, "Ulikuwa wapi jioni hiyo?" na "Uliona nini?" yatakufikisha. Wakati wa maswali ya dodoso mambo hugeuka, na hapo unaruhusiwa kumpa shahidi kauli aikubali au aikatae. Kosa la wanagenzi ni kuuliza swali moja la ziada baada ya kupata jibu zuri. Ukilipata, kaa.

Kuhusu mitihani, jibu kile kilichoulizwa kwa umbo lililoulizwa. Ukiambiwa uandike maoni ya kisheria kwa mteja, mwandikie mteja, kwa lugha anayoielewa, ukimweleza afanye nini na kabla ya tarehe gani. Ukiambiwa uandae hati ya mashtaka, maelezo ya kosa yalingane na kifungu ulichokitaja. Ukipata sapu, yaani ukitakiwa kurudia mtihani, usijifiche. Wengi walio mahakamani leo walipita huko. Chukua karatasi yako, tafuta mahali ulipopoteza alama, na uandike upya jibu lote kwa mkono kabla ya kurudia mtihani. Disko, yaani kuondolewa masomoni, ni jambo zito zaidi, na anayeliona likikaribia aende mapema kuzungumza na wahusika wa taaluma, asisubiri matokeo yabandikwe.

Hatua ya sita: mafunzo nje ya taasisi

Omba kupangiwa mahali penye kazi nyingi, hata kama hapana jina kubwa. Ofisi moja niliyofika ilikuwa na vioo na kiyoyozi, na kwa wiki tatu za mwanzo kazi yangu ilikuwa kupeleka bahasha na kuagiza chai. Nilihamia upande wa mafunzo kwa kumzoea karani wa masjala, mama mmoja aliyejua kanuni za uwasilishaji kuliko mawakili wawili niliokuwa chini yao. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kusajili shauri kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, kupata kontroo namba, kulipa ada na kuhakikisha kwamba hati haikusajiliwa chini ya aina isiyo yake. Shikamoo ya kweli na uvumilivu vitakufungulia masjala nyingi.

Fika mahakamani kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Andika kila siku shauri ulilolisikiliza, hatua yake, amri iliyotolewa na sababu ya kuahirishwa, kwa kuwa kumbukumbu hizo ndizo zitakazojaza taarifa yako ya mafunzo bila kubuni. Siri za wateja zibaki ofisini. Kupiga picha jalada na kuituma kwenye kundi la darasa ili "tujadili" ni kosa la kimaadili hata kama umeficha majina.

Hatua ya saba: maombi ya kuandikishwa uwakili

Ukishafaulu, unawasilisha maombi kwa Jaji Mkuu kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, na Baraza la Elimu ya Sheria hupitia sifa zako. Hapa vile vyeti vyenye jina linalolingana hurudi kazini, pamoja na watu wa kuthibitisha mwenendo wako. Wachague mapema, wawe watu wanaokufahamu kweli, na uwaombe kabla hujahitaji sahihi zao kesho yake. Jina likishaingia katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, bado utahitaji cheti cha kufanyia kazi, ambacho huhuishwa kila mwaka, na uanachama wa Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Weka tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda siku hiyohiyo unayokabidhiwa cheti, kwa maana hati iliyoandaliwa na wakili ambaye cheti chake kimekwisha humletea mteja pingamizi lilelile ulilojifunza kulikwepa ukiwa mwanafunzi.